Je, mbuga ni ya wazungu peke yao?



Mwezi huu ninajibu swali la kijana mmoja anayechimba upande wa Walikale. Amejiwekea akiba kidogo. Akishuka Goma anataka kumpeleka mchumba wake, pamoja na dada ya mchumba kama heshima inavyotaka, wakaone Mbuga ya Virunga. Lakini wenzake wa shimoni wanamcheka. Ameandika hivi: "Pasta, wanasema ile ni mambo ya wazungu. Mutu mweusi anatoa franka juu ya kuangalia majani na nyani? Tena mama yangu ku mugini anakosa hata sabuni. Uniambie, iko zambi ao hapana?"

Kijana wangu, swali lako ni kubwa kuliko unavyofikiri. Ndani yake mna maswali matatu. Je, kutazama tu ni kazi ya Mkristo? Je, mbuga ni ya nani? Na je, ni haki kutoa franka huko wakati nyumbani hakuna sabuni? Ninakaa hapa Kibati, chini ya Nyiragongo, na maswali hayo tunakutana nayo kila siku, hata tusipotaka. Nitayajibu moja moja.

KUTAZAMA NI KAZI YA MKRISTO?

Fungua Mathayo sura ya 6. Bwana Yesu alikuwa akisema na watu waliohangaikia chakula na nguo. Dawa aliyowapa ilikuwa kuwaambia wawaangalie ndege, tena wayafikiri maua ya kondeni. Hayo hakuyasema kwa matajiri wenye likizo. Aliyasema kwa watu wa kukosa sabuni, kama mama yako. Basi asikudanganye mtu kwamba macho ya maskini yaliumbwa kwa kutafuta franka tu.

Sasa nikupeleke njiani, ujue ni kitu gani unachotaka kukiona. Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, unapita uwanja wa ndege, ambako moto wa mwaka 2002 ulifunika kipande cha njia ya kurukia. Unapita Munigi, unapita Kanyaruchinya, na pande zote ni mawe meusi: kuta za mawe, misingi ya mawe, mahindi yanayojitokeza kati ya mawe. Unapishana na vijana wanaoteremka juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Moja imebeba viazi vya Kibumba, nyingine kabichi, nyingine magunia ya makala. Uyakumbuke magunia hayo, tutarudi kwayo.

Kisha unafika Kibati. Hapa penye kituo cha walinzi ndipo njia ya kupanda inapoanza, chini kidogo ya meta 2,000. Kilele kiko meta 3,470. Mwenye miguu ya kawaida anapanda kwa saa nne mpaka sita. Kwanza ni msitu wenye unyevu. Baadaye ni mawe ya moto wa zamani, yanalia chini ya kiatu kama vigae. Unapita kando ya Shaheru, volkano nzee iliyolala ubavuni mwa ile kubwa. Kadiri unavyopanda miti inakuwa mifupi, baridi inaingia ndani ya mifupa, na mwisho unatumia mikono na miguu. Kijito hakuna. Mawe yetu hayashiki maji, ndiyo maana sisi watu wa Kibati tunaishi kwa maji ya mvua na bidoni. Anayepanda anabeba maji yake mwenyewe.

Nilipanda mwaka 2019 pamoja na vijana wa korali, baada ya mbuga kufunguliwa tena mwezi wa Februari. Tulilala juu, kando ya shimo ambalo upana wake unapita kilometa moja. Chini kabisa ziwa la moto lilikuwa linachemka, likipasuka na kujifunga tena kama sombe katika sufuria. Korali yetu ina kelele, mnaijua. Usiku ule ilinyamaza. Mvulana mmoja ambaye nyumbani hawezi kukaa kimya dakika tano alikaa saa nzima na blanketi kichwani, akitazama. Nilipomuuliza anafikiri nini, akasema: "Pasta, niko naona kama mimi ni mudogo sana, lakini sioni woga." Nimehubiri Zaburi ya 104 mara nyingi, wala sikuwahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Wazee wa zamani wa nchi hii ya volkano walisema roho za watu wabaya hutupwa ndani ya Nyiragongo, na za wema hukaa katika baridi ya Karisimbi. Sisi hatuhubiri hivyo. Lakini usiwacheke. Walijua kwamba mlima huu si kitu cha kuchezea. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lile lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijijini hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipasua mji wa Goma mpaka ukaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, ulishuka tena, ukakata barabara yetu ya Rutshuru, ukaharibu nyumba zaidi ya 3,000, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa.

Na neno letu "mazuku", ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kuua bila harufu, wataalamu wa volkano wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaa penye mashimo. Wazazi, mkiona ndege ao panya amekufa bondeni bila jeraha, mtoeni mtoto hapo mara moja. Elimu hiyo wageni waliikuta kwetu.

MBUGA NI YA NANI?

Wenzako wanaosema ni ya wazungu hawakuokota neno hilo hewani. Mbuga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa amri ya mfalme wa Wabelgiji, Albert wa Kwanza, ikaitwa kwa jina lake. Mipaka ilipopanuliwa, watu walihamishwa, ardhi ya kulima na ya kuchunga ikafungwa, na wenyeji hawakuulizwa. Mashauri ya mipaka hiyo yangaliko mpaka leo. Mchungaji akikuambia kwamba mambo hayo hayakutokea, anakudanganya.

Mwaka 1969 jina likabadilishwa kuwa Virunga. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia. Ina kilometa za mraba 7,800 hivi, kuanzia volkano zetu, kupita Ziwa Edward, mpaka theluji ya Ruwenzori. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Kibumba na kando ya Goma, wakatafuta kuni za kupikia, msitu uliumia sana. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Lakini ukiisha kuuliza nani aliianzisha, uliza pia nani amekufa kwa ajili yake. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa kwa mara moja: walinzi 12, dereva mmoja, na raia wanne. Walinzi walikuta gari la raia likishambuliwa. Hao hawakuwa wazungu. Walikuwa watoto wa vijiji hivi, baba za watoto wanaokaa benchi moja na watoto wetu shuleni. Hata aliyekuwa mkurugenzi, Mbelgiji Emmanuel de Merode, alipopigwa risasi tarehe 15 Aprili 2014 kwenye barabara hii yetu, wakulima ndio waliompakia juu ya moto na kumwokoa.

Tena kuna hadithi ya Ndakasi. Mwaka 2007 watu wenye bunduki waliua sokwe wakubwa wa mlimani, na biashara ya makala ilitajwa kati ya sababu. Mtoto mchanga alikutwa ameshika maiti ya mama yake. Mlinzi mmoja, André Bauma, alimlaza kifuani pake usiku wa kwanza ili asife kwa baridi. Alimlea kwa miaka 14, na tarehe 26 Septemba 2021 Ndakasi alikufa mikononi mwake. Picha yao ilizunguka dunia. Mwanamume Mkongomani, mwenye jamaa yake mwenyewe ya kulisha, akamshika mnyama anayekufa kama vile mtu anavyomshika mgonjwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sokwe hao katika volkano za Virunga walikuwa wamebaki 250 hivi. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, pamoja na wale wa Bwindi kule Uganda, ilipita 1,000. Hawakuongezeka wenyewe. Kuna watu waliowalinda.

Kitu kilicholindwa kwa damu ya watoto wetu kitaitwaje cha wageni? Kilianza kwa amri ya mfalme wa mbali, kweli. Lakini hata msitu wenyewe mfalme yule hakuupanda. Katika Mwanzo 2:15 tunasoma kwamba mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Sisi tumeshika kazi ya kwanza, ile ya pili tumewaachia wengine, halafu tunalalamika kwamba bustani ni yao.

MOSHI NILIOUONA ASUBUHI

Sasa tufike kwa sabuni ya mama.

Asubuhi ile ya mwaka 2019, kabla ya kushuka, ukungu uliondoka na tukaona msitu wote chini yetu. Huku na kule, kati ya miti, palikuwa na moshi mwembamba, wa rangi ya maziwa. Nilimuuliza mlinzi aliyetuongoza: "Ile nayo ni volkano ndogo?" Akacheka bila furaha. "Hapana, Pasta. Ile ni maharagi ya Goma."

Sikuelewa. Akanieleza: ni tanuru za makala. Goma ina watu wengi sana, karibu wote wanapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika miti ya mbuga. Maharagi yanahitaji saa nyingi za moto. Kila sufuria inayochemka mjini ina tawi lake huku.

Tuliposhuka Kibati, kando ya barabara alikuwa amekaa mama mmoja wa kanisa letu na magunia yake matatu. Aliponiona aligeuza uso. Mimi nami nikajifanya sijamwona. Nilifika nyumbani na uchovu, mke wangu akanipa chakula cha moto, nikala. Halafu nikamuuliza: "Haya makala tunanunua wapi?" Akaniambia: "Kwa yule mama wa kanisa. Si wewe uliyesema tumsaidie, ni mjane?"

Jumapili nilihubiri juu ya uumbaji. Nilisema kwa nguvu. Baada ya ibada mama yule alinifuata mlangoni mbele ya watu wote: "Pasta, nimesikia. Makala ni mubaya, sawa. Sasa tutapikia na nini? Tupeleke sufuria kule juu ku volkano?" Watu walicheka sana. Mimi nilikosa neno. Mama yule ni mjane tangu vita vya mwaka 2008, wakati Kibati ilipojaa watu waliokimbia. Ana watoto watano, na wote wamesoma kwa magunia hayo.

Katika kamati ya wazee mmoja alisema mama huyo azuiwe kwenye Meza ya Bwana. Nikauliza: "Mzee gani hapa anapika na kitu kingine kisichokuwa makala? Ainue mkono." Hakuna aliyeinua. Basi nikasema, kama ni kuzuia, tuzuie nyumba zote tisa, tuanze na yangu. Shauri likaishia hapo, na kazi ikaanza.

Tulifanya mambo mawili madogo. Akina mama walijifunza kutengeneza mbabula ya udongo inayoshika joto, na maharagi wakayalowesha usiku kucha kabla ya kuyapika. Gunia lililokuwa linakwisha mapema sasa linakawia. Na katika shamba la kanisa tulipanda mikaliptusi na gireveria, miti ya kukata bila kuiba. Hatukuvumbua jipya. Mradi wa EcoMakala ulianza mwaka 2007 kuwasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe. Vita viliporudi tangu mwaka 2022, na wakimbizi wakajaa Kanyaruchinya na huku kwetu, miche yetu mingi ilikatwa kwa kuni. Sikumfukuza mtu. Katika Kumbukumbu la Torati 20:19 Mungu anawakataza wenye silaha wasiangushe miti ya matunda wanapouzingira mji. Neno hilo ni kwa majeshi na wakubwa wao. Mama mwenye mtoto analia njaa hakuandikiwa sheria hiyo. Tulipanda tena.

Mama yule bado anauza makala, na bado anashiriki Meza ya Bwana. Lakini ana miti yake 40 kwenye mpaka wa shamba, na siku moja aliniambia: "Pasta, ile yangu ikikomaa nitakuuzia bei ya juu." Nitalipa.

SHERIA YA KIOTA

Ninyi watu wa migodi mnajua jambo ambalo watu wa mji hawalijui: jiwe likitoka shimoni halirudi. Coltan iliyouzwa mwaka jana haitazaa nyingine mwaka huu. Shimo likiisha, kreza anafunga mzigo wake na kutafuta shimo lingine. Hiyo ni mali ya kutoa mara moja.

Msitu, ziwa na wanyama ni mali ya namna nyingine. Soma Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7. Ukikuta kiota njiani, umeruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao umwache aende. Mungu hakusema tusile. Alisema tusiue chanzo.

Tazameni yaliyotokea Ziwa Edward, ndani ya Virunga hii. Katika miaka ya 1970 palikuwa na viboko zaidi ya 20,000, wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Wenye bunduki waliwaua kwa nyama na kwa meno, na mwaka 2006 hata 1,000 hawakufika. Mavi ya kiboko ni mbolea ya ziwa, inalisha vitu vidogo ambavyo samaki wanakula. Viboko walipokwisha, na nyavu zikawa nyingi kupita kiasi, wavuvi wa Vitshumbi wakaona samaki wanapungua. Aliyekula kiboko alikula pia samaki ya jirani yake.

Kwenu huko Walikale ni vilevile. Sokwe wa misitu yenu ni wa jamii nyingine, na anapatikana Kongo peke yake. Katika miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulikadiria 6,800. Sababu kubwa ni uwindaji, hasa pale migodi ilipofunguliwa ndani ya msitu na watu wakakosa kitoweo. Bei ya coltan ilipopanda mwaka 2000, wachimbaji wengi waliingia hata ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, na wanyama wakubwa wakaishia sufuriani. Kwa hiyo, kijana wangu, kama unakula nyama ya pori pale mgodini jioni, usiseme mbuga ni ya wazungu. Wewe umekwisha kuitembelea, lakini kwa meno.

SASA UFANYE NINI NA AKIBA YAKO?

Nunua sabuni kwanza. Mtumie mama yako, na barua juu yake. Heshima kwa wazazi haingoji likizo.

Pili, usifunge mzigo leo. Njia ya kupanda Nyiragongo ilifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya corona, kisha mlipuko wa 2021 na vita vikafuata. Akija mtu kukuambia anajua njia ya kichochoro, umpe franka kidogo akupitishe, mkimbie kama Yosefu alivyokimbia. Njia ya kichochoro ina bunduki, ina mazuku, na haina wa kukuokoa.

Tatu, anza likelemba. Korali yetu ilikusanya kidogo kidogo kwa miezi minane. Hakuna mtoto aliyekosa karo, hakuna mama aliyekosa chumvi. Mgeni kutoka nje alikuwa analipa dola 300 kupanda mlima, na hatukuwa na fedha za namna hiyo. Bei ya raia ni nyingine, uliza ofisini wakati ukifika. Lipa mbele ya watu na ushike karatasi yako.

Nne, siku itakapofunguliwa, usije kutazama mlima peke yake. Msalimie mlinzi na umuulize habari za jamaa yake. Nunua viazi kwa mama wa Kibati. Muulize mzee ilikuwaje mwaka 1977. Uone na umeme: kituo cha Matebe, kilichoanza mwaka 2015 kwa kazi ya mbuga, kinatumia maji ya Mto Rutshuru, na nyumba nyingi zimepata mwanga kwa sababu hiyo. Mtu anayetazama wanyama na kuwapita watu ametembelea nusu.

Tano, mpaka siku hiyo ifike, anza ziara yako jikoni. Uliza makala yako yanatoka wapi. Uliza nyama yako inatoka wapi. Panda miti mitano mahali ulipo, hata kama shimo lako litakwisha na utahama. Mwingine ataikuta.

Je, ni zambi kuja kuona mbuga? Hapana, mwanangu. Njoo na mchumba wako, na dada yake. Ukifika kabla njia haijafunguliwa, nitawakaribisha uani kwa kanisa letu asubuhi, ukungu ukiondoka. Mlima unaonekana wote kutoka pale, bila kulipa franka hata moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, makala ao kuni zinatoka wapi? Nani aliyezibeba?

2. Someni pamoja Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mahali tunapoishi, "mama wa kiota" ni kitu gani?

3. Baba na mama: waelezeni watoto jambo moja la msitu ao la mto ambalo mliliona mkiwa wadogo, na sasa halipo. Lilikwenda wapi?

4. Vijana: tunamjua mtu aliyekufa ao aliyeumia akilinda mali ya wote? Jamaa yake inaishije leo?

TUOMBE

Bwana, nchi ni yako na vyote vilivyomo. Utusamehe kwa kuwa tumeiita ya wengine ili tusiitunze. Wafariji wajane wa walinzi na wajane wanaouza makala kando ya barabara. Nyamazisha bunduki katika msitu wako, ili watoto wetu wapande mlima wako mchana, bila kujificha. Kwa jina la Yesu. Amina.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Yule binti wa Rubaya aliyeandika juu ya deni la mahari ya kaka yake, swali lako limefika, nitalijibu.